Shotikati zinakufa ukihamia kibodi ya Kiarabu? Fanya hivi

Wakuu habari zenu. Juzi dogo mmoja wa hapa kwetu Buguruni kaja na laptopu kwapani kanuna kama kanyang'anywa ugali. Anatengeneza programu ya simu ya kufundishia watoto wa madrasa, neno la Kiarabu huku na maana ya Kiswahili huku, na anaandika kwa Vim (edita ya maandishi unayoiendesha kwa vitufe) kwa sababu mimi ndo nilimwambukiza huo ugonjwa. Ananiambia "kaka, nikihamia Kiarabu Vim inakufa, nabonyeza dd mstari haufutiki, naandika :w haisevu, mpaka nirudi Kiingereza, nimechoka." Nikacheka maana huo mwiba ulishanichoma miaka ya nyuma nikapoteza Jumamosi nzima. Sasa naandika hapa nisije kueleza upya kwa kila mtu.

Sisi Kiswahili chetu kinaenea chote kwenye QWERTY, yaani kibodi ya kawaida ya Kiingereza, hata ng' unaweka alama yako ya juu maisha yanaendelea, ndo maana wengi hawajawahi kukutana na hii ishu. Ila ukiandika Kiarabu, Kirusi, Kigiriki, utakutana nayo tu.

Hatua ya 1: Ongeza kibodi

Hii mnaijua. Kwenye Windows ni setingi za lugha, chagua Arabic (101). Kuhama unabonyeza Win na Space. Stika za herufi za kubandika kwenye vitufe tafuta Kariakoo.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini zinakufa

Ukibonyeza kitufe cha D ukiwa kwenye Kiarabu, kompyuta haitumi d, inatuma ي. Vim inapokea ي mara mbili, inakutazama tu, haina amri ya hivyo. Hivyohivyo j ni ت, k ni ن, u ni ع, na :w inakuwa :ص. Zile za Ctrl, Ctrl+C na Ctrl+V, kwenye Windows kwa kawaida zinaendelea kufanya kazi, kwa hiyo mtu wa Word anaweza kukaa mwaka mzima asijue tunalia nini. Vim ndo inaumia zaidi kwa sababu amri zake ni herufi tupu.

Hatua ya 3: Achana na langmap (soma hii yote, usiruke)

Ukitafuta mtandaoni utaambiwa tumia langmap. Ni setingi ya Vim ambayo unaiambia ukiona ي ukiwa kwenye modi ya amri (pale herufi zinapokuwa amri, sio maandishi) ichukulie ni d, ukiona ت ni j, unaorodhesha zote hivyo. Warusi wanaipenda sana na kwao inaenda vizuri maana kitufe kimoja kinatoa herufi moja. Nami nikaingia kichwakichwa, nikaandika orodha yangu, herufi moja moja, nikakumbuka mpaka kuweka mkwaju wa nyuma (\) kwenye koma na nukta mkato (kitufe cha koma ni و na cha nukta mkato ni ك, usipoweka huo mkwaju inagoma). Nikajaribu dd, safi. Nikajaribu u, ile ya kutengua, safi. Nikajiona fundi.

Halafu nikabonyeza b, ile ya kurudi neno moja nyuma. Badala ya kurudi, kishale kimekaa palepale na herufi moja imewekewa rangi kama imechaguliwa. Nikabonyeza tena b, ile herufi ikafutika na nikajikuta nipo modi ya kuandika, maandishi ya Kiarabu yanaingia katikati ya faili. Nikarudisha, nikajaribu tena, vilevile. Nikadhani plagini, nikatoa plagini zote. Nikadhani Vim mbovu, nikaifuta nikadaunlodi upya, bando likaisha, nikatoka kununua vocha, umeme nao ukakatika, yaani siku hiyo nilijaribiwa.

Kumbe kitufe cha B kwenye kibodi ya Kiarabu ya Windows kinatoa لا, ambayo kwa macho ni kitu kimoja ila kwa kompyuta ni herufi mbili, lamu na alifu. Sasa kwenye orodha yangu lamu ni g na alifu ni h. Kwa hiyo nikibonyeza b, Vim inapokea g halafu h, na gh kwenye Vim ni amri halali kabisa, inakuingiza kwenye modi ya kuchagua, ambayo ukigusa herufi yoyote inafuta kilichochaguliwa na kuanza kuandika. Haikuwa mbovu hata kidogo, ilikuwa inanitii! Na langmap inapokea herufi moja kwa moja tu, huwezi kuiambia "hizi mbili kwa pamoja ni b". Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, andika لا kwenye Notepad halafu ufute, utabonyeza Backspace mara mbili.

Kingine, langmap haigusi unachoandika baada ya nukta mbili, kwa hiyo :w bado inabaki :ص na bado haisevu. Sasa faida iko wapi? Mimi siishauri kwa Kiarabu. Mtu akikwambia kwake inafanya kazi muulize kama anatumiaga b.

Hatua ya 4: Kompyuta ibaki Kiingereza, edita ndo ibadilike

Hapa ndo pa kushika. Usihamishe kibodi ya Windows kabisa. Vim ina kibodi yake ya Kiarabu ndani, weka hivi kwenye vimrc (faili la setingi za Vim):

set encoding=utf-8
set keymap=arabic
set iminsert=0
set imsearch=-1

Mpangilio wa mistari ni muhimu. Ukiweka keymap, Vim yenyewe inawasha Kiarabu hapohapo, ndo maana iminsert=0 inakuja baada yake kukizima. Ukitanguliza iminsert, kila ukifungua faili unaanza na Kiarabu.

Kuhama, ukiwa modi ya kuandika, bonyeza Ctrl na ^ (kwenye kibodi zetu ni Ctrl+Shift+6, mara nyingi Ctrl+6 inatosha). Ukibonyeza Esc amri zako zote zinarudi za kawaida, dd ni dd, b ni b. Ukirudi kuandika, Kiarabu kinakusubiri palepale ulipokiacha. Kwenye kutafuta kwa / nako inakubali.

Ila angalia, Ctrl+^ ukiwa modi ya amri ni kitu kingine, inakupeleka kwenye faili ulilokuwa nalo mwanzo. Dogo aliibonyeza akapiga kelele "kaka faili limepotea!" Halijapotea, bonyeza tena linarudi.

Wa Ubuntu, ile vi inayokuja na mfumo ni Vim ndogo, haina keymap. Andika :echo has('keymap'), ikikupa 0 au ikikwambia amri hiyo haipo, weka Vim kamili.

Hatua ya 5: Mstari wenye Kiarabu na Kiswahili pamoja

Vim yenyewe haijui kuchanganya pande mbili. Ukiweka :set rightleft kila kitu kinageuka, "darasa" inasomeka "asarad". Faili la Kiarabu kitupu sawa, lakini la dogo lina lugha mbili mstari mmoja, kwa hiyo nikameza kiburi nikamwekea Emacs, edita pinzani wa Vim. Ndiyo, mimi huyuhuyu. Emacs tangu toleo la 24, mwaka 2012, inapanga kulia na kushoto vizuri. Ctrl+x, Enter, Ctrl+\ halafu andika arabic. Baada ya hapo Ctrl+\ peke yake inawasha na kuzima, na Ctrl+x Ctrl+s inasevu muda wote. Wazo ni lilelile, kompyuta ibaki Kiingereza.

Hatua ya 6: VS Code

Kwa wa VS Code (edita nyingine), kama uko Linux au Mac na shotikati zinachanganyikiwa, weka "keyboard.dispatch": "keyCode" kwenye setingi, halafu funga VS Code yote ufungue upya, sio dirisha moja tu. Kwenye orodha ya kibodi za mfumo Kiingereza kiwe juu.

Na kwenye Windows, Alt+Shift nayo inahamisha kibodi bila kukuuliza. Ukiona ghafla amri zimekufa na hukugusa kitu, angalia kona ya chini kulia kabla hujanipigia simu. Dogo kashanipigia mara mbili.