Bembea ya nyumbani inavyofundisha nishati tuli na nishati mwendo

Mpwa wangu alikuwa na fomula zote za nishati tuli (ya kitu kuwa juu) na nishati mwendo (ya kitu kwenda) kichwani, ila hakuona zinahusu nini. Nikamfungulia video ya mdogo wake akibembea, na kwa mara ya kwanza akauliza swali. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Chagua video iliyopigwa kwa ubavu, simu ikiwa imetulia.

Hatua ya 2: Ifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, ubonyeze E kusogeza fremu (picha zinazounda video) mojamoja. Programu kama Tracker huchora grafu zenyewe, lakini kwa somo la kwanza siziafiki. Mwanafunzi ahesabu fremu mwenyewe.

Hatua ya 3: Hakikisha video si ya mwendo wa polepole. Hapa tulipoteza jioni nzima. Mtoto ana kilo 20 na alishuka nusu mita, kwa hiyo nishati tuli iliyobadilika ni tungamo (kilo zake) × mvutano wa dunia × kimo: 20 × 9.8 × 0.5, yaani jouli (kizio cha nishati) 98. Tulipopima kasi yake kule chini, nishati mwendo ikatoka jouli 6! Tukalaumu upepo, tukalaumu msuguano wa minyororo. Kumbe video ilirekodiwa fremu 120 kwa sekunde, ikawa inaonyeshwa kwa 30. Kasi ilionekana ndogo mara nne, na kwa kuwa kasi huzidishwa kwa yenyewe, nishati ikapungua mara 16. Usiamini taarifa za faili peke yake, maana zinaweza kutaja kasi ya kuonyeshea tu. Tumia saa: bembea yenye minyororo ya mita 2 huenda na kurudi kwa karibu sekunde 3. Ikichukua 12, umeshajua.

Hatua ya 4: Pata kipimo (urefu gani kwenye skrini ni mita moja ya kweli) kutokana na mnyororo wenyewe ukiwa wima. Mti ulio nyuma utakudanganya, kwa kuwa kilicho mbali huonekana kidogo. Kimo kipime kiunoni. Miguu hukunjwa na kunyooshwa.

Hatua ya 5: Pale chini kabisa, pima amesogea kiasi gani ndani ya fremu 3. Kwa video ya fremu 30, sentimita 31 ni mita 3.1 kwa sekunde. Nishati mwendo ni nusu × tungamo × kasi × kasi: nusu × 20 × 3.1 × 3.1 ni jouli 96, karibu sawa na zile 98.

Hatua ya 6: Rudia kwa mtu wa kilo 70 anayeshuka nusu mita ileile. Jouli zinapanda hadi 343, kasi inabaki ileile, kwa sababu tungamo liko pande zote mbili za mlinganyo. Mpwa wangu alikataa katakata, mpaka alipompiga video mama yake kwenye bembea hiyohiyo na kuhesabu fremu mwenyewe.