Mkeka, Ukuta na Pumzi: Mazoezi na Yoga kwa Mjamzito, Hatua kwa Hatua

Mimba yangu ya kwanza nililelewa kama yai. Ndoo sishiki, ufagio sishiki, ngazi sipandi. Ulipoingia mwezi wa tisa, wale wale waliokuwa wakinikalisha wakaanza kunihimiza: tembea, mtoto ashuke. Nikatembea siku tatu mfululizo mpaka miguu ikavimba na nyonga zikauma kiasi cha kushindwa kujigeuza kitandani. Sasa ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafundisha wajawazito hapa Dar es Salaam, na kila Jumamosi narudia neno lile lile: mwili hauandaliwi mwezi wa tisa. Unaandaliwa tangu mapema, kidogo kidogo, kwa kipimo unachokimudu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mjamzito asiye na tatizo la kumzuia. Ni nusu saa kwa siku tano. Si lazima iwe kwa mkupuo; dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, hesabu imetimia. Kama hukuwa na mazoea ya mazoezi, anza na hizo kumi tu.

Hatua ya 1: Anzia kliniki

Nenda na kadi yako, mwambie mkunga unataka kufanya mazoezi. Muulize mambo matatu: kondo la nyuma limekaa wapi, presha ikoje, damu ni kiasi gani. Kondo lililoziba njia ya uzazi, dalili za kifafa cha mimba, chupa iliyopasuka, mlango wa kizazi ulioshonwa au uchungu uliowahi kuanza kabla ya wakati: yote haya yanakuondoa kwenye mkeka mpaka daktari aseme. Damu ikiwa chini ya gramu 7 kwa desilita, hapo unahitaji matibabu kwanza. Na kama unakula udongo, mwambie mkunga bila aibu, kwa sababu mara nyingi udongo na upungufu wa damu huenda pamoja.

Hatua ya 2: Chagua saa na mahali

Joto kali si rafiki wa mimba, hasa miezi ya mwanzo, na Januari ya Pwani haina huruma. Mimi huwapanga wanafunzi wangu saa moja asubuhi, jua likiwa bado dogo. Jioni iwe saa kumi au kumi na moja, na ukishasikia adhana ya magharibi uwe umeshaingia ndani, maana mbu wa malaria huanza kazi giza likiingia, na malaria kwa mjamzito ni hatari kwa wawili. Kula kitu chepesi saa moja kabla, ndizi au kikombe cha uji. Weka maji karibu. Vifaa ni mkeka, mito miwili, kanga mbili za kukunja, kiti kisichoyumba na ukuta.

Hatua ya 3: Tembea, ukiongea

Kipimo cha kasi ni mdomo wako. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, kasi inatosha. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Kazi za nyumbani nazo zina hesabu yake: kufagia uwanja na kwenda sokoni kwa miguu ni mazoezi. Kubeba ndoo ya lita ishirini kichwani siihesabu, huo ni mzigo, na nawaomba akina baba wanaosoma hapa waibebe wao.

Hatua ya 4: Jifunze pumzi kabla ya mkao wowote

Hapa ndipo wengi wanapopaharakia, nami ndipo ninapotaka ukae. Keti kitini, mgongo umenyooka, viganja juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu nne, usikie mbavu zinatanuka pembeni. Itoe taratibu ukihesabu sita. Usiibane pumzi hata kidogo, na zile pumzi za kasi za kupampu tumbo ziache mpaka baada ya kujifungua.

Fanya dakika tano kila siku kwa wiki nzima. Kisha ongeza jaribio hili: egemea ukuta kwa mgongo, miguu hatua moja mbele, teremka kidogo kama unayetaka kukaa, ubaki hapo ukipumua. Mapaja yatawaka. Ukianza na sekunde ishirini, polepole utafika dakika moja, ambayo ndiyo karibu urefu wa wimbi moja la uchungu. Unajifunza kukutana na ugumu bila kukaza taya wala mabega. Wanafunzi wangu wakirudi na watoto mgongoni, zoezi wanalolitaja ni hili.

Kuna dada huniuliza kama yoga ni ibada. Asili yake ni India, na huko ina upande wa kiroho. Tunachofanya mkekani ni kunyoosha mwili na kutuliza pumzi, hatuimbi wala hatuombi chochote. Kama jina linakukwaza, yaite mazoezi ya kunyoosha. Misuli haitajua tofauti.

Hatua ya 5: Mikao minne inayotosha

Kwanza ujue hili. Homoni za ujauzito hulegeza kano zinazofunga viungo, kwa hiyo utajiona mwepesi kuliko zamani. Usifuate wepesi huo mpaka mwisho wake. Nyoosha, halafu rudi nyuma kidogo.

*Paka.* Piga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa. Ukitoa hewa, viringisha mgongo juu. Ukivuta, urudishe uwe sawa, usiubonyeze ukaning'iniza tumbo. Mara nane au kumi. Viganja vikifa ganzi, jambo la kawaida miezi ya mwisho, egemea viwiko juu ya mto.

*Magoti wazi.* Kutoka hapo tanua magoti tumbo lipate nafasi, rudisha makalio kuelekea visigino, kichwa ukilaze juu ya mito. Kaa pumzi kumi. Huu ndio dawa yangu ya kiuno.

*Kusimama kwa nguvu.* Simama karibu na ukuta, tanua miguu, kunja goti la mbele, nyoosha mikono pembeni. Uzito wa tumbo umehamisha mizani yako, kwa hiyo mkono mmoja uguse ukuta bila kuona haya.

*Kuchuchumaa.* Bibi zetu walipepeta na kufua wakiwa hivi. Sisi tuliozoea viti visigino vyetu havifiki chini. Vikunjie kanga, shika mguu wa kitanda kizito, shuka taratibu. Uache mkao huu kama una bawasiri inayouma, au maumivu kwenye mfupa wa kinena. Mwenye maumivu hayo aache na mikao yote ya kutanua miguu, na akitoka kitandani abane magoti pamoja.

Usilalie tumbo, usijipinde kiuno kwa nguvu, usisimamie kichwa.

Hatua ya 6: Misuli ya nyonga

Kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ukipumua kawaida. Hesabu tano, legeza kabisa, hesabu tano tena. Mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Usijaribie chooni mkojo ukitoka. Kulegeza kuna thamani sawa na kukaza, maana siku ya kujifungua misuli hiyo hiyo ndiyo utakayoiachia.

Hatua ya 7: Jua pa kuachia

Damu au maji ukeni, maumivu ya tumbo, mkazo unaorudi kwa mpangilio, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kukosa pumzi hata kabla hujaanza, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu: acha hapo hapo, nenda hospitali. Mtoto akipunguza kucheza pia usingoje kesho.

Hatua ya 8: Pumzika kwa ubavu

Yoga ya kawaida humalizwa kwa kulala chali. Wewe, kuanzia mwezi wa tano, usilale hivyo kwa muda: mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, utasikia kichefuchefu na kizunguzungu, na damu ya mtoto nayo hupungua. Lala kwa ubavu, kushoto ukipenda, mto mmoja chini ya kichwa, mwingine kati ya magoti, kanga iliyokunjwa chini ya tumbo. Dakika tano, au kumi kama nyumba imetulia.

Ukiinuka, usijikunje kwa tumbo. Sukuma sakafu kwa mikono yote miwili, keti kwanza, pumua mara tatu, shika kiti, ndipo usimame. Kunywa maji.