Deni la Bodi ya Mikopo: fuatilia kila shilingi

Nafundisha shule ya binafsi Morogoro, na wadogo zangu wakipata ajira huniuliza waanzie wapi na deni la HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

Omba kwanza taarifa ya deni lako. Tenganisha mkopo wenyewe na tozo zilizoongezwa juu yake. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo ukiona bado inakuongezekea, andika barua kuuliza.

Kisha shika slipu ya mshahara. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, posho hazihusiki. Msingi ukiwa 600,000, unakatwa 90,000. Kabla ya 2016 ilikuwa asilimia 8. Kwangu mimi si haki wa laki nne akatwe kiwango kilekile na wa milioni nne, maana wa laki nne hapo ndipo nauli na kodi ya chumba vinapoishia.

Sasa kaza macho: kukatwa si kulipiwa. Linganisha slipu na taarifa ya deni, mwezi kwa mwezi. Mwenzangu alikuta makato ya miezi kadhaa hayajafika Bodi. Alitoa nakala za slipu, akamwandikia mhasibu, nakala akaipeleka Bodi, na barua yake akahakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Huna ajira? Usijifiche. Waeleze Bodi hali yako kwa maandishi, uombe namba ya malipo, ulipe unachoweza, na risiti uzitunze zote.