Kuzalisha frontosa wa Moba nyumbani Katuba

Mimi ni fundi wa kushona, hapa Katuba, Lubumbashi, na nafuga frontosa, samaki wa ziwa Tanganyika ambao jike hubeba mayai na watoto mdomoni. Akwariamu yangu mwanzoni ilikuwa karibu na mlango, wateja waione wakija kupimwa. Kosa. Siku jike langu la kwanza lilipobeba mayai mdomoni, mama mmoja aliyefuata kitenge chake aligonga kioo kwa pete, ko ko ko, amwamshe. Jike likatema yote. Kabla sijaweka mkasi chini, wenzake walikuwa wameshayamaliza. Basi anza na mahali: kona tulivu, mbali na mlango, na mwanga hafifu, maana ziwani samaki hawa hukaa kwenye vina virefu.

Ni wa kwetu kabisa. Wa kusini mwa ziwa Tanganyika, pamoja na hawa wenye buluu wa Moba, mji wa Kongo kando ya ziwa, wanasayansi waliwapa jina lao, Cyphotilapia gibberosa, mwaka 2003 tu. Zamani wote waliitwa frontosa, na sisi bado tunawaita hivyo.

Dume hupita sentimita 30, kwa hiyo usijidanganye na kioo, yaani akwariamu, kidogo. Changu kina urefu wa mita 2, upana sentimita 60 na kimo sentimita 60. Hizo ni lita 720, yaani kilo 720 za maji peke yake, bado mawe. Wazo la meza ya mbao nililiacha, nikajengewa msingi wa matofali.

Mawe ndiyo yanayowaponza watu wa mji huu. Frontosa wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi kama ya chokaa, na pH (kipimo cha asidi; juu ya 7 maji hayana asidi) kati ya 8 na 9, na mawe ya chokaa husaidia pH hiyo isishuke. Lakini kuna anayetia malakiti ndani kwa sababu ile kijani inapendeza. Usithubutu! Malakiti ni madini ya shaba, na shaba ikiyeyuka majini ni sumu kwa samaki. Hata kile kipimo cha kudondosha siki juu ya jiwe kuona kama linatoa povu kitakudanganya, kwa kuwa malakiti nayo ni kaboneti kama chokaa, hivyo nayo hutoa povu. Jiwe lenye mstari wowote wa kijani au buluu liache, na usiokote kitu kwenye malundo ya migodi. Panga mawe kwanza, mchanga baadaye, kwani frontosa huchimba na pango likianguka linapasua kioo.

Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Juni na Julai, baridi ya hapa ikiungana na umeme kukatika, mimi huzungushia kioo mabaki ya blanketi niliyoyashona pamoja, na pampu ya hewa naiunga kwenye betri. Kila wiki badilisha robo ya maji. Ya bomba yalaze kwanza usiku kucha yakipigwa hewa, klorini itoke. Usizembee hapo, maana kwenye pH ya juu amonia inayotokana na kinyesi inakuwa kali zaidi.

Nunua wadogo 10 au 12, uwakuze pamoja, kisha ubakize dume mmoja na majike manne au matano. Watazaa wakifika miaka mitatu hivi, pengine zaidi. Chakula kiwe kinachozama. Wakizoea kumeza hewa juu wataelea kama chupa. Nawapa ndakala, yaani dagaa, wakavu niliowaosha na kuwaloweka. Nyama ya ng'ombe hapana, mafuta yake yanawavuruga tumbo.

Kutaga kwenyewe hutaona sana. Dume anatetemeka pangoni, jike anataga machache machache na kuyaokota kwa mdomo. Kesho yake koo limevimba. Mayai ni makubwa, karibu milimita 6, na hayawi mengi. Kwangu yalizidi 30 mara moja tu. Mwache. Wiki ya tatu au ya nne, usiku, taa zikiwa zimezimwa, mhamishe kwa ndoo badala ya wavu, umpeleke kwenye kioo cha lita 100 chenye maji yaleyale. Endelea kumdondoshea chakula laini kidogo, kwani mama huyu hula akiwa amebeba, na watoto hula kilichoingia mdomoni.

Kwenye wiki ya tano au ya sita atawaachia, wakiwa na mistari yao tayari, karibu sentimita 2. Wape ndakala wa kusagwa kama unga, mara tatu kwa siku. Mama mpumzishe peke yake wiki mbili ashibe kabla ya kumrudisha, la sivyo atarudi dhaifu na wenzake watampiga.

Wangu wa kwanza 17 sasa wamefika sentimita 9. Wateja wananiuliza yupi dume, yupi jike. Nawajibu waje kuniuliza tena mwaka kesho kutwa.