Viungo vinavyofikika bila kipanya

Weka kipanya pembeni, fungua ukurasa, kisha bonyeza Tab mara kwa mara. Kila kiungo kifikiwe kwa mpangilio wa kusoma, na Enter ikifungue. Kinachorukwa mara nyingi ni div au span (tagi za HTML zisizo viungo) iliyotiwa onclick, yaani amri ya kubofya: kwa macho ni kiungo, kwa kibodi hakipo. Tumia a, tagi ya kiungo, yenye href, yaani anwani kinakoelekea. Bila href, Tab inapita tu.

Usifute mstari unaozunguka kiungo kilichofikiwa (outline: none kwenye CSS ndiyo mchawi wa kila siku). Usipoupenda, chora wako kwa :focus-visible (kanuni ya CSS ya kiungo kilichofikiwa kwa kibodi), unene wa pikseli 2, utofauti wa rangi angalau 3:1 na mandharinyuma.

Maneno ndiyo kazi yenyewe. Kwenye NVDA, programu inayowasomea wasioona skrini kwa sauti, Insert+F7 huleta orodha ya viungo vikiwa peke yake, bila aya zake. Ukurasa wa usafiri wa Dar wenye "bonyeza hapa" kumi haumwambii msikilizaji kitu. Andika "Ratiba ya kivuko, Magogoni–Kigamboni" au "Nauli za mwendokasi, Kimara–Kivukoni". Kiungo cha picha tupu, alt (maandishi mbadala ya picha) itaje kinakoelekea, si sura ya picha. Na tagi ya html iwe na lang="sw", alama ya lugha ya ukurasa, la sivyo Kiswahili huenda kikasomwa kwa matamshi ya Kiingereza.