Kutafuta huduma za serikali Turkana bila kupoteza nauli

Kutoka Kakuma hadi Lodwar, makao makuu ya kaunti, ni takriban kilomita 120, na wa Lokichoggio ana safari ndefu zaidi. Ukifika afisi isiyohusika, umepoteza nauli na siku nzima, pengine na pesa za kulala. Kwa hiyo kabla ya kupanda gari, jua kwanza: huduma unayotaka ni ya serikali ya kitaifa au ya kaunti?

Mgawanyo uko katika Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010. Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, maji, masoko, leseni za biashara na matibabu ya mifugo ni kazi ya kaunti. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, pasipoti, polisi, shule za msingi na za upili ni za kitaifa.

Kinachochanganya watu ni vyeo. Naibu kamishna wa kaunti, licha ya jina hilo, ni mtu wa serikali ya kitaifa, na machifu wako chini yake. Msimamizi wa kaunti ndogo na msimamizi wa wadi ni watu wa gavana. Chifu hakupi leseni ya duka, na msimamizi wa wadi haidhinishi fomu ya kitambulisho. Basari ndiyo huwapoteza wazazi zaidi: ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huombwa kupitia afisi ya eneo bunge, ile ya kaunti ina fomu yake na tarehe yake ya mwisho. Kujaza moja hakukuingizi kwa nyingine.

Mtoto akizaliwa hospitalini, usitoke wodini bila taarifa ya uzazi. Akizaliwa nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu, maana ndiye anayesajili. Hapo hapo linganisha majina na kitambulisho cha mama, herufi kwa herufi. Nakiru akiandikwa Nakilu, kosa litamfuata mtoto hadi kwenye mitihani, na kulirekebisha ni kazi kuliko kusajili. Miezi 6 ikipita, usajili unahesabiwa umechelewa na utadaiwa ushahidi zaidi. Weka kadi ya kliniki vizuri.

Kitambulisho huombwa ukitimiza miaka 18. Beba cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, vyenyewe pamoja na nakala. Osha mikono kabla ya kuchukuliwa alama za vidole, kwani alama zilizofifia au zenye uchafu zinaweza kukataliwa. Kile kikaratasi cha kusubiria kitunze, na ukumbuke ulituma ombi wapi: kitambulisho hurudi afisi ile ile. Vingi hulala huko kwa sababu mwenyewe alishahama na mifugo au na kazi.

Huduma Centre ya Lodwar, kituo cha huduma nyingi za serikali mahali pamoja, inafaa ukiwa na shida kadhaa za kitaifa kwa siku moja, kama kitambulisho kilichopotea na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Fungua mapema akaunti ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kisha uende na simu yenye laini uliyoisajilia, kwa sababu nambari ya kuthibitisha hutumwa huko. Lipa kwa paybill 222222. Anayetaka pesa taslimu mkononi, mkwepe.

Kwa matibabu, jisajili SHA, bima ya afya ya umma, kwa *147#. Ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024. Zahanati na kituo cha afya hazidai uwe umelipa mchango, bora uwe umesajiliwa. Mchango unahitajika ukilazwa hospitali, basi usingoje ugonjwa ndipo uanze kulipa.

Ukizungushwa, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.