Kabla Hujanunua Dawa ya Maua, Geuza Jani

Ua limefifia na mkono tayari uko mfukoni unatafuta hela ya dawa. Subiri. Jani umeligeuza? Waharibifu wengi wa maua hujificha upande wa chini, na anayetazama juu tu hununua dawa ya kubahatisha.

Mmea mpya uliotoka kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo usiupange barazani na wenzake siku hiyohiyo. Utenge wiki mbili hadi tatu. Kagua chini ya majani, kwenye makwapa ya matawi na kwenye matundu ya chini ya chungu, maana wako vidung'ata, wadudu weupe kama pamba, wanaoishi mizizini.

Vidukari, wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu, hujazana kwenye vichipukizi. Maji ya mpira yenye nguvu huwaangusha. Inzi weupe utawajua ukitikisa tawi, wanaruka kama majivu. Vidung'ata ni ile pamba nyeupe kwenye vikonyo: wafute mmoja mmoja kwa pamba iliyolowa spiriti. Ukiona masizi meusi juu ya majani, tazama matawi ya juu yake, kuna mfyonzaji anayedondosha utomvu mtamu. Na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, washughulikie nao, kwa sababu wanaufuata utamu huo na kuwafukuza wadudu ambao wangemla mfyonzaji.

Ncha za majani zilizoungua huku chini ya jani hakuna kitu? Onja maji yako. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi haitibiwi kwa kupuliza.

Sasa utitiri, hapa ndipo watu wanapoumia. Utitiri si mdudu. Ana miguu minane, ni jamaa ya buibui na kupe, na ni mdogo kiasi cha nusu milimita. Jani linapata vinukta vilivyopauka, kisha linageuka rangi ya shaba, na mwisho utando mwembamba unafunga vikonyo. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, gonga mara tatu. Vumbi likitembea, ni yeye.

Mambo huenda hivi. Ni Januari, waridi liko barazani ambako mvua haifiki. Mwenyewe anaona majani yamepauka, anadhani ni njaa, anaweka mbolea ya naitrojeni. Utitiri unapata chakula kitamu zaidi. Anarudi dukani, anapewa sipamethrini “inayoua kila kitu”. Anapuliza, vidukari wachache wanaanguka, anafurahi. Wiki mbili baadaye utando umetanda, naye anaongeza kipimo. Kosa ni kwamba dawa ile imewamaliza wawindaji waliokuwa wanakula utitiri, ukabaki mwenyewe bila adui. Kwenye joto la nyuzi 30, yai la utitiri huwa mzazi kwa muda wa kama wiki moja tu. Imidaklopridi, dawa nyingine ya wadudu, nayo haiui utitiri, hata ukiimwaga kwenye udongo.

Kata majani yaliyoharibika sana, yafunge kwenye mfuko, yatupe. Osha upande wa chini kwa maji ya nguvu kila baada ya siku mbili, kwa wiki mbili. Kisha sabuni: gramu 10 za sabuni ya mche iliyokunwa, iyeyushe kwenye lita moja ya maji. Sabuni ya unga usiiguse, na ile ya maji inayouzwa kwa madumu mtaani inaweza kuunguza majani. Maji ya kisima yakiifanya sabuni igande vipandevipande, haitaua kitu. Tafuta maji ya mvua. Mafuta ya mwarobaini, kijiko kimoja cha chai na sabuni kidogo kwa lita, nayo hufaa. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ngoja siku mbili. Puliza baada ya saa kumi na moja jioni, chini ya jani hadi lidondoke maji, na urudie kila siku tano hadi saba, mara tatu. Sabuni huua anayelowa tu. Mayai yanabaki na kuanguliwa.

Ikishindikana, omba dawa ya utitiri kwa jina, mfano abamektini, na usirudie hiyohiyo kila mara kwa kuwa utitiri huzoea upesi. Salfa usipulize juani kwenye joto la hapa, wala ndani ya wiki mbili tangu upake mafuta.

Chupa iwe na lebo na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa iliyopimwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa iache dukani. Vaa glavu, funika pua, watoto wakae ndani. Usipulize maua yenye nyuki. Usioshee bomba la kupulizia karibu na bwawa la samaki, sipamethrini ni sumu kali kwao. Na mabaki usimwage mtaroni.